Motokaa Kuukuu na Oili ya Gia Boksi

Zamani vijijini kwetu motokaa ilikuwa kitu cha Misioni, cha Serikali, au cha mwenye duka kubwa. Siku hizi sivyo tena. Ndugu watatu wakishauriana vema, wakaweka pamoja fedha ya kahawa, ya mahindi na ya ng'ombe wawili, wanaweza kununua Noah au Probox iliyokwisha kutumika Japani kwa miaka mingi. Motokaa hiyo huwa basi siku ya gulio, huwa lori wakati wa mavuno, na usiku wa manane mama mjamzito akishikwa na uchungu huwa gari la wagonjwa. Siku ya arusi na siku ya maziko ni hiyo hiyo.

Basi motokaa ya namna hii ikivunjika, hasara haimpati mtu mmoja. Humpata kila mtu wa ukoo, na pengine kijiji kizima. Ndiyo sababu leo nataka tuzungumze juu ya ugonjwa mmoja unaozipata sana motokaa kuukuu za otomatiki, yaani zile zinazojibadilishia gia zenyewe. Dereva akitoa gia kwenye P na kuipeleka kwenye D, motokaa hustuka kama punda aliyechapwa. Akiongeza mwendo, gia ya pili huingia kwa kishindo. Au injini hunguruma sana nayo motokaa haisogei, kisha baada ya kitambo gia hudaka ghafula na abiria wote wakainama mbele.

Mwenye motokaa akieleza mambo hayo, kila mtu barabarani humpa shauri lile lile: "Badilisha oili ya gia boksi." Shauri hilo laweza kuwa dawa, tena laweza kuwa sumu. Inategemea jibu la swali ambalo wengi hawaliulizi: oili ipi?

Kazi tano, mtumishi mmoja

Katika motokaa yenye klachi ya mguu, oili ya gia boksi hulainisha meno ya chuma yasisagane, na karibu hiyo ndiyo kazi yake yote. Katika motokaa ya otomatiki mambo ni mengine kabisa. Humo oili hufanya kazi tano.

Kwanza, hubeba nguvu ya injini. Kati ya injini na gia boksi kuna chombo cha mviringo kilichojaa oili, na ndani yake mna feni mbili zinazotazamana. Injini huzungusha feni ya kwanza, feni hiyo husukuma oili, na oili huizungusha feni ya pili, kama maji ya mto yanavyozungusha gurudumu la kinu. Pili, oili yenyewe ndiyo mkono unaobadili gia. Ndani ya gia boksi mna visahani vyembamba vilivyopangwa kama sahani kabatini. Oili ikisukumwa kwa nguvu huvibana pamoja, navyo vikishikana gia imeingia. Tatu, hulainisha. Nne, huchukua joto na kulipeleka kupozwa, mara nyingi katika rejeta. Tano, husafisha, huku ikichukua vumbi la chuma na la visahani na kulipeleka kwenye chujio na sumaku zilizo chini.

Sasa angalia neno hili kwa makini, kwa maana ndilo shina la habari yote. Visahani havitakiwi kushikana ghafula mno, kwa sababu hapo motokaa hustuka. Wala havitakiwi kuteleza kwa muda mrefu, kwa sababu hapo huungua. Vinatakiwa viteleze kidogo tu, kisha vishikane sawasawa. Kiasi hicho cha kuteleza hakitokani na visahani peke yake. Kinatokana na visahani pamoja na oili. Kiwanda kilipotengeneza gia boksi kilipima pia na oili yake. Ukibadili mmoja wa hao wawili, umeivunja ndoa yao.

Majina haya mengi yametoka wapi?

Watu wengine husema kwamba majina mengi ya oili ni hila ya wafanyabiashara. Tuangalie historia kidogo.

Mwaka 1939 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitangaza gia boksi iliyoitwa Hydra-Matic, ikawekwa katika motokaa za Oldsmobile za mwaka 1940. Hiyo ndiyo iliyokuwa otomatiki ya kwanza kutengenezwa kwa wingi. Mwaka 1949 kampuni hiyo ikaweka kipimo cha oili kilichoitwa Type A, ili kila mtengenezaji wa oili ajue kinachotakiwa. Hutaamini, lakini mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika oili hizo yalitiwa mafuta ya nyangumi, kwa kuwa yalikuwa na utelezi mzuri usioharibiwa upesi na joto. Nyangumi walipokuwa karibu kwisha baharini, Marekani ikakataza biashara hiyo, na wataalamu ikawapasa kutafuta dawa nyingine za kutia badala yake.

Mwaka 1967 likaja jina la Dexron. Kampuni ya Ford nayo ilikuwa na oili yake, Type F, iliyofanya visahani vishikane upesi na kwa nguvu, hali ile ya General Motors ilivifanya vishikane polepole. Mtu aliyetia oili ya Ford katika gia boksi ya General Motors alipata mishtuko. Aliyefanya kinyume chake alipata kuteleza na kuungua. Kumbe ugonjwa tunaouzungumza leo si mgeni. Wenzetu waliuona zamani.

Baadaye Wajapani nao wakaweka majina yao. Toyota za zamani zaidi zilitumia oili ya kipimo cha Dexron II au III. Kisha ikaja T-IV, na baada yake WS, ambayo ni nyepesi kuliko T-IV. Nissan wana zao zinazoitwa Matic, zikifuatwa na herufi. Mitsubishi wana SP-III. Honda vilevile wana zao. Kwa hiyo majina hayo si mapambo ya kopo. Kila jina ni kipimo, kama vile namba ya kiatu. Kiatu namba 6 ni kizuri sana, ila si kwa mguu wa namba 9.

Kwanza mchunguze mgonjwa

Mganga mwema hatoi dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Basi nawe kabla ya kutoa shilingi moja kununua oili, fanya haya.

Endesha motokaa kwa muda wa robo saa au zaidi, mpaka gia boksi ipate moto. Isimamishe mahali palipo sawa, vuta breki ya mkono, na ukanyage breki ya mguu. Injini ikiwa inanguruma, peleka gia polepole katika kila herufi, P, R, N, D na zilizobaki, ukingoja kidogo kwa kila moja, kisha uirudishe P. Sasa, bila kuzima injini, chomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, usikichanganye na kile cha injini. Kifute kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, kirudishe mpaka mwisho, ukichomoe tena. Oili yapasa kufika kati ya alama mbili za HOT, yaani za moto. Hivyo ndivyo ilivyo kwa Toyota nyingi. Honda wao hutaka uzime injini kwanza ndipo upime mara moja. Kitabu cha motokaa ndicho chenye neno la mwisho.

Oili ikiwa chini ya alama, huenda umekwisha kuipata sababu ya mishtuko. Lakini oili haipungui kama petroli. Ikiwa imepungua, inavuja mahali. Tafuta panapovuja. Tena usiizidishe, kwa maana oili iliyopita kiasi huchapwa na vyuma vinavyozunguka mpaka ikatoa povu, na povu haliwezi kusukuma visahani.

Kisha tia tone moja juu ya karatasi nyeupe, uliangalie na kulinusa. Nyekundu inayong'aa ni njema. Ya hudhurungi isiyo na harufu mbaya imezeeka, yafaa ibadilishwe. Nyeusi yenye harufu ya kuungua yaonyesha kwamba visahani vimeanza kuungua. Na ukiiona ya pinki yenye ukungu, mfano wa maziwa yaliyotiwa rangi, basi maji ya rejeta yameingia katika gia boksi. Hapo usiendeshe hata hatua moja. Rejeta na gia boksi vyote viwili vyahitaji fundi upesi.

Yako pia mambo yanayofanana na ugonjwa wa oili, kumbe siyo. Raba zinazoshikilia injini zikikatika, injini yote huruka gia inapoingia, na dereva hudhani ni gia boksi. Injini inayonguruma juu mno motokaa ikiwa imesimama huifanya D iingie kwa kishindo. Katika Toyota za zamani kuna waya utokao kwenye mtambo wa mafuta wa injini kwenda gia boksi. Usiporekebishwa vema, gia huchelewa au hupiga. Katika nyingine nyingi, taa ya O/D OFF ikipepesa yenyewe wakati wa safari, motokaa inajaribu kukuambia kwamba sehemu ya umeme ya gia boksi ina hitilafu. Katika hali zote hizo waweza kumimina oili ya thamani kubwa kuliko zote duniani, na mishtuko ikabaki pale pale.

Soma jina, usisome rangi

Tuseme umepima, ukaona kweli oili imezeeka. Sasa ni kuchagua.

Jambo la kwanza la kukataa ni kuchagua kwa rangi. Fundi wengi husema, "Tia ile nyekundu." Wekundu ni rangi tu iliyotiwa kiwandani ili oili ijulikane inapovuja. Dexron ni nyekundu, T-IV ni nyekundu, WS ni nyekundu. Kwa macho huwezi kuzitenga.

Jambo la pili la kukataa ni kuchagua kwa jina la motokaa peke yake. Fikiri habari ya Probox. Ilipotoka mara ya kwanza mwaka 2002, otomatiki yake ilikuwa ya gia za kawaida. Mwaka 2014 Toyota ilipoitengeneza upya, iliiwekea mtambo wa namna nyingine uitwao CVT. Mtambo huo hauna gia zinazopishana. Una mkanda wa chuma unaokwenda kati ya magurudumu mawili yanayopanuka na kujibana. Mkanda huo sharti ushikane na chuma bila kuteleza, kwa hiyo una oili yake, na kopo lake huandikwa CVT. Honda Fit nyingi zina mtambo wa CVT tangu zilipoanza mwaka 2001, na Nissan X-Trail nyingi zilizotoka baada ya mwaka 2007 vilevile. Kwa nje ni motokaa zile zile, taa nne na milango mitano. Kwa ndani ni watu wawili wenye damu mbalimbali.

Katika parokia yetu iko familia iliyonunua Probox ya namna hii ya pili. Waliiona inasitasita kwenye mlima, wakaipeleka kwa kijana mmoja aliyejulikana kwa upesi wake. Hakusoma mahali popote. Alimwaga oili ya zamani, akamimina oili nyekundu ya otomatiki za kawaida, kwa sababu ndiyo iliyokuwapo dukani. Siku za kwanza haikuonekana kitu. Baada ya majuma machache mtambo ukaanza kulia mlimani, kisha motokaa ikagoma kabisa njiani, ikiwa imemchukua mzee mgonjwa. Mgonjwa alimalizia safari kwa pikipiki, ameshikwa na wajukuu wake mbele na nyuma. Gia boksi nyingine ilinunuliwa kwa fedha iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya mabati ya nyumba. Nyumba hiyo ina kuta mpaka leo, haina paa. Na tofauti yote ilikuwa herufi tatu ambazo hakuna aliyezisoma.

Basi soma wapi? Soma kwanza kwenye kijiti cha kupimia. Katika Toyota nyingi jina la oili limepigwa muhuri juu ya chuma chenyewe, kama vile T-IV au DEXRON. Futa uchafu, tumia miwani ukiwa nayo, au mwite mtoto wa shule mwenye macho makali. Pili, soma kitabu cha motokaa. Hata kikiwa cha Kijapani usikitupe. Majina ya oili humo yameandikwa kwa herufi na namba tunazozijua. Tatu, ukikosa vyote hivyo, nakili herufi na namba zote zilizo kwenye kibati cha motokaa ndani ya boneti, uzipeleke kwa wakala au kwa muuza vipuri anayejua kazi. Zitamwambia ni gia boksi gani.

Motokaa nyingine za siku hizi, hasa za WS na za CVT, hazina kijiti cha kupimia kabisa. Oili yake hupimwa kwa chini, kwa kufungua boliti fulani wakati oili ikiwa na joto lililowekwa. Hiyo si kazi ya uani. Mpelekee fundi mwenye chombo cha kupimia joto hilo.

Ukifika dukani, geuza kopo usome mgongo wake. Mbele ya kopo huandikwa maneno ya sifa. Nyuma huandikwa majina ya vipimo. Jina lililo kwenye kijiti chako lisipokuwapo nyuma ya kopo, liache kopo hilo rafuni. Ziko oili zinazosema kwamba zafaa motokaa za kila namna. Nyingine ni nzuri, lakini nazo lazima zitaje jina lako. Toyota wenyewe hukataza kutia T-IV mahali pa WS, au WS mahali pa T-IV. Kwa Dexron kumbuka neno hili: General Motors iliacha kutoa leseni ya Dexron III mwishoni mwa mwaka 2006, na kipimo chake kipya ni Dexron VI kilichoanza mwaka 2005. Kopo la leo lililoandikwa Dexron III lina ahadi ya mtengenezaji wa oili peke yake. Kwa hiyo chagua mtengenezaji anayejulikana na duka linalotoa risiti, na usikubali kopo lililokwisha kufunguliwa wala oili ya kupimiwa kwenye chupa ya maji.

Usitie oili ya injini. Na oili ya breki usiikaribishe hata tone, kwa maana huvimbisha na kuziharibu raba za ndani. Ama zile dawa za chupa ndogo zinazosemwa kuponya gia boksi, nyingine huzilainisha raba zilizokauka na kupunguza kuvuja kidogo. Lakini kisahani kilichoungua hakifufuliwi na chupa.

Je, oili mpya huua gia boksi ya zamani?

Mtasikia watu wakisema, "Usiiguse. Ukibadilisha oili ya gari kuukuu, gia boksi itakufa." Msemo huo una chembe ya kweli ndani yake. Visahani vikiwa vimekwisha kuungua, ule unga wao ulio katika oili chafu husaidia kidogo vishikane. Ukiuondoa wote kwa siku moja, vinateleza. Lakini hapo oili mpya haikumwua mtu. Imefika siku ya maziko ikasingiziwa uchawi.

Kwa hiyo, oili ikiwa ya hudhurungi tu, badilisha bila hofu, ila kwa upole. Ikiwa nyeusi, inanuka kuungua, na motokaa inateleza, zungumza na fundi kwanza juu ya gharama ya kutengeneza gia boksi yenyewe, usije ukalipa mara mbili. Na kwa motokaa kuukuu usikubali ile mashine inayosukuma oili yote kwa nguvu na kuitoa kwa mara moja, kwani yaweza kuzibua uchafu na kuupeleka kwenye vijitundu vyembamba vya mtambo.

Njia ya upole ni hii. Ukifungua boliti ya chini, oili haitoki yote. Nyingine hubaki katika kile chombo cha feni. Tuseme gia boksi huchukua lita 6, nawe umetoa lita 3 na kurudisha lita 3 mpya. Iliyobaki ya zamani ni lita 3. Endesha siku chache, kisha rudia: ya zamani imebaki lita 1 na nusu. Rudia mara ya tatu: imebaki robo tatu ya lita. Umetumia lita 9, na gia boksi imesafishwa kidogo kidogo bila kustushwa. Kila mara pima ulichotoa, urudishe kiasi kile kile, ndipo upime kwa kijiti kama tulivyosema.

Mara ya kwanza, kama fundi anaweza, ateremshe karai la chini, abadilishe chujio na gasketi, na kufuta sumaku. Tope laini la kijivu juu ya sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyokwaruza vidole ni habari mbaya, na ni heri kuijua mapema.

Naomba mangalifu mawili. Usiingie chini ya motokaa iliyoinuliwa kwa jeki peke yake. Weka magogo au stendi imara, na mawe nyuma ya magurudumu. Na oili chafu usiimwage mtoni wala karibu na kisima. Iweke katika dumu mbali na watoto, kisha uipeleke kwa wanaokusanya oili chafu.

Mishtuko ikipungua baada ya mara ya pili au ya tatu, mshukuru Mungu, na uandike. Mimi karani wa parokia nimepewa kazi ya kutunza daftari la motokaa ya Misioni, na kurasa zake ni rahisi kabisa: tarehe, kilometa, jina la oili, idadi ya lita, jina la fundi, na risiti iliyobandikwa. Kwa barabara zetu za milima na matope na mizigo tunayoijua, kubadilisha kila kilometa 40,000 ni hesabu ya busara. Fundi akihama au dereva akibadilika, daftari hubaki.

Neno kwa fundi, kwa mwuzaji na kwa mwenye motokaa

Fundi Mkristo, ukiwa huijui gia boksi hiyo, useme hivyo. Hakuna aibu katika kusema, "Ngoja nisome kwanza." Aibu ni kumimina usichokijua katika mali ya watu wanaokuamini. Mwuza duka, anayetia oili rahisi katika kopo la oili ya thamani amevunja amri ya saba waziwazi kama aibaye mbuzi zizini. Nawe unayeiuza motokaa yako inayostuka, usiipashe moto asubuhi ili mnunuzi asiisikie. Mweleze ukweli, mpatane bei ya haki.

Na mwenye motokaa, usimlaumu fundi kwa kazi ya nusu ikiwa wewe ulimlipa nusu na kumharakisha. Ndugu watatu mlionunua pamoja, wekeni pembeni fedha kidogo ya kila safari kwa ajili ya matunzo, kabla ya kugawana faida. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa gia boksi ni wa bei kali.

Wengi wetu tumetundika mbele ya dereva medali ya Mtakatifu Kristofa, na Padre ameibariki motokaa kwa maji ya baraka. Ni vema, tuendelee hivyo. Lakini Mungu ametupa pia macho na akili ya kusoma, na kazi hiyo Mtakatifu Kristofa hatatufanyia. Kesho asubuhi, kabla abiria hawajaja, fungua boneti, chomoa kijiti, ukifute vizuri, usome jina lililoandikwa pale. Kisha liandike kwa wino katika daftari lako, mahali ambapo mke wako, ndugu zako na dereva wako wote wanaweza kuliona.